Glakoma: Kwa Nini Usiache Dawa Ingawa "Huoni Tofauti"

Kila Machi, Wiki ya Glakoma Duniani (ugonjwa wa jicho unaoharibu neva ya kuona) inapofika, idara yetu ya macho hupokea watu wengi kuliko kawaida, na lalamiko kubwa ni moja: "Dawa natumia, lakini sioni tofauti." Tungependa ieleweke kwamba kutoona tofauti ndiyo matokeo tunayoyatafuta: dawa hushusha shinikizo la jicho ili uoni uliobaki usipotee, hairudishi uliokwisha potea.

Jicho hutengeneza majimaji muda wote, nayo hutoka kupitia kichujio chembamba kwenye pembe kati ya konea (kioo cha mbele ya jicho) na iris (sehemu yenye rangi). Njia hiyo ikiziba au kupitisha kidogo kidogo, shinikizo hupanda na kuumiza neva inayopeleka taarifa kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya 1,000,000, na uzi uliokufa haufufuki, si kwa matone, si kwa leza, wala kwa upasuaji. Mtoto wa jicho akitolewa, mtu huona tena. Kwenye glakoma hakuna cha kutoa. Uoni wa pembeni ndio hupotea kwanza, na kwa kuwa jicho moja hufidia pengo la jingine, mgonjwa huendelea kusoma bila shida hadi ugonjwa umekwenda mbali.

Shinikizo la kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo wapo wenye 18 na glakoma wanayo, na wenye 24 ambao neva zao ni nzima. Kwa hiyo hatutoi majibu kwa namba moja. Wengine huuliza kama kipimo cha presha cha mkononi kinatosha. Hapana, hakisemi lolote kuhusu shinikizo la jicho. Hili tumeshalieleza mara nyingi.

Kipimo kinacholalamikiwa zaidi ni cha uwanda wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huliona likiwa limetulia. Jicho moja hufunikwa, unaegemeza kidevu, unakaza macho kwenye taa ya katikati na kubonyeza kitufe kila uonapo nukta ya mwanga. Usizifuate nukta kwa jicho. Usibahatishe pia, maana mashine hunasa ubahatishaji na kipimo kitarudiwa. Nukta nyingine ni hafifu makusudi, hata mwenye macho mazima hazioni. Majibu ya mara ya kwanza huwa mabaya kwa wengi kwa sababu bado wanajifunza, hivyo kuitwa tena si uzembe wa mtaalamu.

Kuhusu matone: moja linatosha, ziada huishia shavuni. Fumba jicho, bonyeza kona yake ya upande wa pua kwa dakika 2 ili dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Dawa zikiwa mbili, zipishanishe dakika 5. Mwenye pumu aseme kabla ya kuandikiwa timolol, moja ya matone ya glakoma. Siku ya kliniki tumia dawa kama kawaida, isipokuwa umeelekezwa vingine. Wapo wanaoziacha "ili daktari aone ukweli", kisha tiba inabadilishwa bila sababu.

Matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) yanayonunuliwa kiholela kutibu macho mekundu yanaweza kupandisha shinikizo kimyakimya. Wazazi, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wapimwe, hasa waliofikisha miaka 40.

Maumivu makali ya jicho, wekundu, kichefuchefu na pete za rangi kuzunguka taa ni dharura. Mtu wa hivyo asingoje tarehe ya kliniki. Aje saa hiyo hiyo, hata kama kadi ameisahau nyumbani.