Nikiitwa shuleni naanzia kantini

Kila nikialikwa shule kuzungumzia watoto wanaonenepa kupita kiasi, nakuta viti vimeshapangwa na kipaza sauti kimewashwa. Mimi naomba kwanza nipelekwe kantini, saa ya mapumziko.

Mwezi uliopita, katika shule moja ya binafsi hapa Dar es Salaam, nilisimama kando ya dirisha nikihesabu kinachotoka: soda, juisi ya pakiti, krispi, soda tena. Maji ya bure yalikuwepo, bombani, nyuma ya vyoo. Nani ayafuate huko? Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama 9. Kwa mtoto wa miaka minane, chupa hiyo moja inakaribia kumaliza kiwango cha juu cha siku nzima linachoshauri Shirika la Afya Duniani.

Walimu huwa nawatajia utafiti wa Dortmund na Essen, Ujerumani, uliohusisha shule za msingi 32. Baadhi ziliwekewa mashine za maji ya kunywa, kila mtoto akapewa chupa yake, vikafundishwa vipindi vinne tu kuhusu maji. Mwaka wa masomo ulipoisha, uwezekano wa watoto hao kuwa na uzito uliozidi ulikuwa pungufu kwa asilimia 31 kuliko wa shule nyingine. Soda na juisi waliendelea kunywa vilevile, kwa hiyo sisemi maji ni dawa.

Kuna kosa nililifanya mwenyewe nilipoanza kazi: niliweka mzani mbele ya darasa. Binti mmoja aliposhuka, sauti ikatoka nyuma: "Bonge!" Kesho yake hakuja. Siku hizi napima mmoja mmoja, mlango umefungwa, na majibu anapewa mzazi.

Na mchakamchaka umeenda wapi? Mtoto anashushwa na basi la shule getini, jioni tuisheni, kipindi cha michezo kimeliwa na hisabati. Anahitaji dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Ila mbio zisiwe adhabu ya wachelewaji, tafadhali.

Mama wa kantini alinisikiliza, kisha akasema, "Dokta, maji hayanilipii kodi." Ana haki. Tukakubaliana: ndoo ya maji yenye koki pembeni ya dirisha, na yeye ajaribu vipande vya tikiti na mihogo ya kuchemsha. Wiki ya kwanza tikiti liliisha kabla ya kengele. Mihogo alirudi nayo nyumbani.