Behewa la breki yadini na mteremkoni: dhana potofu na ukweli

Behewa la breki ni chombo kizito kisicho na injini. Kinaungwa na kichwa cha treni ili kumwongezea dereva nguvu ya kusimamisha. Marekani vingine ni vichwa vya zamani vilivyong'olewa injini, mahali pake pakajazwa zege au vyuma. Kisichanganywe na behewa la gadi la mkiani.

Dhana: Kila behewa lina breki zake, kwa hiyo hakihitajiki.

Treni ikiwa njiani, kweli zinatumika. Yadini, mahali mabehewa yanapopangwa kuwa treni, mara nyingi hazitumiki. Mabehewa yanapopangwa, hewa iliyomo kwenye matangi yake hutolewa yote ili yasukumike, na mipira ya hewa haiungwi kwa kuwa yatakatwa tena muda si mrefu. Hapo msururu mzima unategemea magurudumu ya kichwa peke yake.

Dhana: Breki ikiwa dhaifu, dawa ni kuongeza presha.

Hii ndiyo inayoharibu vifaa kuliko zote. Nguvu ya breki haiwezi kuzidi mshiko wa gurudumu kwenye reli, na mshiko unatokana na uzito. Reli ikiwa na unyevu, hesabu ya tahadhari ni asilimia 15 ya uzito ulio juu ya magurudumu yenye breki. Ukizidisha presha, gurudumu linafunga na kuburuzika, linapata ubapa, na treni inazidi kuteleza.

Tuchukue kichwa cha tani 110 kinachoteremka na mabehewa ya tani 1,500 yasiyo na hewa, kwenye mteremko wa asilimia 1. Mteremko unavuta kwa nguvu ya tani 16.1. Msuguano wa mabehewa yenyewe unapunguza kama 3.2, zinabaki 12.9. Breki ya kichwa inatoa 16.5. Ziada ya kusimamishia ni tani 3.6 tu, na kutoka mwendo wa kilomita 15 kwa saa utahitaji karibu mita 400. Unga behewa la breki la tani 60: ziada inapanda hadi tani 12 hivi, na umbali unashuka hadi kama mita 120. Muda wa breki kushika haumo katika hesabu hiyo.

Dhana: Ukishaliunga, kazi imekwisha.

Kuunga kapilingi (kiungo cha chuma kati ya behewa na behewa) ni mwanzo tu. Lazima uunge bomba kuu la breki, mpira wa hewa ya tangi kuu, na mipira ya breki ya kichwa inayobeba amri ya kufunga na kufungua. Koki zifunguliwe pande zote mbili. Koki moja ya mpira wa amri ikisahaulika, geji ya dereva inaonyesha presha kamili, kwa sababu inasoma silinda za kichwa chake, huku behewa la nyuma halijashika hata gurudumu moja. Kwa hiyo mtu ashuke: dereva afunge, yeye atazame kila pistoni imetoka na kila brekishu (kipande kinachobana gurudumu) imegusa gurudumu, dereva afungue, ahakikishe zote zimeachia.

Dhana: Ni sawa na slagi.

Slagi nayo ni chombo kisicho na injini, lakini ina mota za umeme zinazolishwa na kichwa, kwa hiyo inavuta pia. Behewa la breki halivuti kitu.

Dhana: Ni chombo cha yadi pekee.

Uingereza ilivitumia njia kuu miaka ya 1960. Vichwa vya dizeli vilikuwa vyepesi kuliko vya mvuke vyenye tenda (behewa la makaa na maji), na mabehewa mengi ya mizigo bado yalikuwa na breki za mkono tu. Vikaundwa vyombo vizito vya tani 35 hadi 37 juu ya bogi (fremu za magurudumu) za mabehewa chakavu ya abiria, na mara nyingi vilisukumwa mbele ya kichwa.

Dhana: Treni ikisimama, hewa inatosha kuishikilia.

Hewa huvuja, na kompresa ikizimwa hakuna kinachoirudisha. Usiku wa Julai 5 kuamkia Julai 6, 2013, huko Quebec, Kanada, treni ya matangi 72 ya mafuta iliachwa kwenye mteremko wa takriban asilimia 1.2 ikiwa imefungwa breki za mkono 7. Injini ilizimwa kutokana na moto, hewa ya breki za vichwa ikapungua, treni ikaserereka hadi mjini Lac-Mégantic na kuua watu 47. Wachunguzi walikuta kwamba zilihitajika breki za mkono zisizopungua 17. Jaribio la kuzipima lilifanywa breki za hewa za vichwa zikiwa bado zimeshika, kwa hiyo halikupima kitu.

Utaratibu sahihi: funga breki za mkono, za behewa la breki zikiwemo, kisha achia breki zote za hewa, halafu jaribu kuisogeza treni kwa nguvu kidogo ya injini. Ikisogea, ongeza nyingine na urudie jaribio.