Kwenye XCOM, kumhoji eliani wa aina ile ile tena hakuleti siri mpya

Vijana wengi wanaocheza gemu hapa Arusha, Ngarenaro mpaka Sakina, wanaamini kwamba kwenye XCOM: Enemy Unknown ya 2012, gemu ya kupigana na maeliani (viumbe wa kutoka anga za mbali), ukikamata maeliani kibao wa aina moja ukawahoji wote, kila mmoja anatoa siri yake. Imani inaeleweka kabisa, si ndo mashahidi wanavyohojiwa, mmoja mmoja. Ila gemu haiko hivyo, kila aina inahojiwa mara moja tu, yaani ukishamhoji Sectoid mmoja (Sectoid ni aina mojawapo ya maeliani) hiyo risechi imeisha, na faida yake kubwa ni kwamba risechi fulani za mbele zinaenda fasta, kwa hiyo tafuta aina ambayo bado hujaihoji.

Lakini msiache kukamata jamani! Eliani ukimuua silaha yake inalipuka unabaki na vipande, ukimkamata hai inabaki nzima, na mwanzoni mwa gemu silaha nzima ya plasma, ile ya maeliani, ni mali kwelikweli.

Kucheki mwenyewe ni rahisi, sevu gemu, kamata Sectoid wa pili, rudi maabara ufungue orodha ya risechi uone kama mahojiano yake yanatokea tena.