Papa mwenye kinywa cha mita moja hali watu

Wengi wakiona picha ya papa anayeitwa kitaalamu Cetorhinus maximus, aliyepanua kinywa chenye upana wa karibu mita moja, huamini kuwa ni mla watu. Hofu hiyo inaeleweka: ni samaki wa pili kwa ukubwa duniani, na anaweza kuzidi mita 10.

Lakini kinywa hicho ni cha kuchujia. Wakati wa kiangazi, kwenye maji baridi ya pwani za Scotland na Ireland, huogelea polepole akiwa amekiachama. Maji huingia na kutokea kwenye matamvua, ambako vichujio vyembamba kama meno ya chanuo hunasa planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, hasa vijidudu wa jamii ya kamba. Meno yake ni ya milimita chache tu. Potwe, papa mwingine mkubwa anayeonekana Kisiwa cha Mafia, Tanzania, naye huchuja chakula, ingawa yeye hupenda maji ya joto.

Ukitumiwa picha ya kutisha, tazama matamvua: mipasuo yake mirefu karibu izunguke kichwa chote. Kisha linganisha meno na ya papa mweupe, mapana yenye kingo za msumeno. Hata hivyo, usimsogelee. Mkia wa mnyama wa tani kadhaa unaweza kuumiza.