Gari lililogongwa: uliza liligongwa wapi

"Halijaguswa hili, bosi." Dalali akishasema hivyo, wengi hutoa pesa. Akikiri kwamba liligongwa, hao hao hukimbia. Mara zote mbili wanaamua bila kuliangalia gari lenyewe.

Si kila gari lililogongwa ni bovu. Mlango, boneti na madigadi ya mbele (bati lililo juu ya tairi) hufungwa kwa bolti. Vikibonyea hufunguliwa, vikafungwa vingine, mambo yakaisha. Hata kwenye minada ya Japani, gari lililobadilishwa mlango tu halihesabiwi kuwa la ajali. Linalohesabiwa ni lile lililoumia mifupa: chasisi, nguzo za milango, sakafu, paa. Hilo hupewa daraja la R au RA.

Kwa hiyo wanaosema "karatasi ya mnada ina daraja la 4, halijawahi kugongwa" wanajidanganya. Tazama mchoro wa gari kwenye karatasi hiyo: W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni iliyobadilishwa. Halafu karatasi inaishia siku ya mnada. Miaka minne ya foleni za Dar es Salaam haimo.

Rangi kung'aa nako si ushahidi. Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa fundi wa bodi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isichubue, ipitishe mlango kwa mlango. Ikishika mmoja na kuteleza kwenye mwingine, hapo pana puti nene, ile ya kujazia palipobonyea. (Bampa ni plastiki, usishtuke.) Bolti za madigadi zikiwa zimechubuka kwenye kona, ujue spana ilishapita. Mimi niliwahi kuinua zulia la buti na kutoa tairi la spea, nikakuta bati limejikunja kama karatasi, limepulizwa rangi juu ya vumbi. Nje gari lilikuwa safi kabisa.

Uongo unaoniudhi zaidi ni huu: "eabegi zilifunguka, tukabadilisha jalada la usukani tu." Eabegi, ile mifuko ya hewa, hutumika mara moja. Mikanda inayojikaza kwenye ajali nayo ni hivyo hivyo. Weka swichi kabla ya kupiga stata: taa ya eabegi iwake sekunde chache, izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliichomoa. Kisha vuta mkanda hadi mwisho usome tarehe kwenye lebo. Mkanda mpya kuliko gari, muulize muuzaji.

Na lile la "linaenda wima, halivuti upande"? Alaimenti (kunyoosha magurudumu) iliyofanywa asubuhi hiyo inaweza kuficha mengi. Angalia matairi yamelika vipi.

Lililobadilishwa mlango ningelinunua, nikipunguziwa. Lililovutwa chasisi, hapana, hata kwa nusu bei: sehemu ya mbele ya chasisi imeundwa ikunjike ili kishindo kisifike kwenye viti, na ikishakunjwa na kunyooshwa, haikunjiki tena kama ilivyopangwa kiwandani.