Dubwana la Chini ya Ardhi Huanza na Shimo Lake

Nimeletewa tena dubwana nilikague: joka la pangoni, pointi za uhai 280, meno ya sumu, uwezo wa kuona gizani. Chini yake mtunzi ameandika kwamba linatisha kwa sababu linaishi ardhini. Haitoshi! Ukiliweka uwanjani saa sita mchana, pigano ni lile lile. Kila mwendesha mchezo anayeanza kutunga viumbe vyake vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete na kanuni, huniletea hilo hilo, na leo nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kinga (ugumu wa kulipiga dubwana), pointi za uhai na madhara si kazi. Chukua mchimbaji aliyemo tayari mchezoni, ankheg mwenye kiwango cha changamoto (kipimo cha ugumu wa kiumbe) 2, au bulette mwenye 5, kopi namba zake, rekebisha, endelea.

Kazi ni hii: udongo unakwenda wapi?

Kwa sheria za mchezo za 2014, mwendo wa kuchimba unapita kwenye mchanga, udongo, tope au barafu. Mwamba haupitiki bila sifa maalumu. Purple worm, mnyoo mkubwa wa mchezo huu, anayo: hutoboa mwamba kwa nusu ya mwendo wake wa kuchimba, yaani futi 15 kwa raundi ya sekunde 6, akiacha handaki la kipenyo cha futi 10. Piga hesabu. Ni karibu mita za ujazo 33 za mawe, ndani ya sekunde 6! Yameliwa? Yamesukumwa nyuma? Yamebanwa kandoni? Ukishajibu, dubwana limeshaanza kuwa na tabia. Likimeza mawe, litayatoa mahali, na wahusika watakuta kifusi kabla hawajalikuta lenyewe. Likisukuma nyuma, njia inazibika na hakuna wa kulifuata. Likibana kuta, limewachongea goblini barabara, na baada ya mwezi kijiji cha juu kina shida nyingine kabisa.

Mimi humtazama fuko asiye na manyoya, yule wa Kenya, Somalia na Ethiopia. Huchimba kwa meno ya mbele, na midomo yake hufunga nyuma ya meno ili udongo usiingie kinywani. Wafanyakazi hupanga mstari wakisukuma udongo nyuma, mpaka wa mwisho anaurusha nje kwa miguu, na juu ya ardhi unaona kilima kidogo kikitema vumbi kama volkano. Hurudi kinyumenyume kwa kasi ile ile anayokwenda mbele. Anayezaa ni malkia mmoja tu.

Mkuze awe na ukubwa wa ng'ombe. Wachezaji wanaona vumbi likirushwa kondeni, wanaziba tundu kwa jiwe, wanapongezana. Chini, mstari mzima umekwama, na walio mbele wanaanza kutoboa kwingine: sakafu ya ghala, kisima, chumba cha mgonjwa. Wachezaji wakiwafuata ndani ya handaki, hakuna fuko wa kumvizia kwa nyuma, maana nyuma kwake ni mbele vilevile.

Halafu hisi ya mitetemo. Tafadhali, msiiandike kana kwamba ni macho yanayofika futi 60. Sheria za 2014 zinataka dubwana na chanzo cha mtetemo viwe vinagusa ardhi ile ile, au kitu kile kile. Mchawi aliyepaa hayupo kabisa kwa dubwana. Mwenzake mwenye deraya, anayekimbia kumwokoa mwingine, yupo waziwazi. Waache wachezaji waligundue hilo wenyewe, kwa kurusha ndoo sakafuni au kuswaga mbuzi upande wa pili.

Na aliyesimama tuli je? Mezani kwangu hahisiwi. Wako wanaosema moyo unadunda, basi anahisiwa, na siwezi kuwapinga kwa maandishi ya kitabu. Nashikilia uamuzi wangu kwa sababu ule ukimya mezani una thamani, ingawa unampendelea mno mhusika mwizi.

Kiwango cha changamoto ndicho kinachonisumbua hasa. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 unampa kiumbe anayeruka na kushambulia kwa mbali nyongeza ya 2 kwenye kinga wakati wa kukokotoa, ikiwa changamoto yake ni 10 au chini. Mchimbaji hapewi kitu, hata kama anang'ata na kuzama kabla zamu ya mwingine haijafika. Mimi humpandisha ngazi moja. Kwa nini moja na si mbili? Ni jicho tu, sina kanuni. Kundi lenye wapiga upinde wanaojua kuweka pigo tayari hadi kichwa kichomoze, hata hiyo moja huwa nimeizidisha.