Vipimo vyote safi, na bado nti inazunguka

Mi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Lamu, na siku hizi wagonjwa wangu wengi ni wa kizunguzungu, lakini sikuanza kwa kusomea, nilianza kwa kukipata mwenyewe. Niliamka alfajiri nikageuza kichwa tu nikaona boriti za dari zinakimbia upande mmoja. Siku mbili natapika, siwezi kushuka ngazi. Nikapimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikadungwa sindano, nikaambiwa ni presha na presha ikapimwa iko sawa, damu sawa, sukari sawa, mwisho nikavuka Mokowe nikapanda basi mpaka Mombasa kupigwa picha ya kichwa, nayo ikatoka safi. Daktari akanambia "huna kitu, punguza mawazo." Shangazi yangu akaniletea kombe, yale maji ya kuoshea aya za Qurani zilizoandikwa, nikanywa, na nashukuru manake yeye angalau aliamini naumwa. Hivo hivo miezi kumi na moja.

Sasa nnachojua ni hiki: neno kizunguzungu ni moja lakini ndani yake kuna maradhi mengi. Mmoja akikwambia "nti yazunguka" na mwingine akasema kichwa chepesi, na mwingine anaona kiza akisimama, na mwingine anatembea kama yuko mashuani, hao si wagonjwa wa kitu kimoja, ila wote kwenye kadi wanaandikiwa kizunguzungu na wanapewa vidonge vile vile. Ndo maana mi kabla ya kipimo chochote nauliza mawili tu. Ulikuwa unafanya nini kilipokuja? Na kilikaa muda gani?

Chukua mfano wa bi mkubwa aliyeletwa na mjukuu wake. Miezi minane anaswali kwenye kiti, kwa sababu kila akienda sujudi dunia inapinduka, na usiku akigeuka kulalia ubavu wa kulia ni hivo hivo, halafu baada ya nusu dakika kinaisha. Alishajiambia ni uzee. Lakini maelezo yake yalikuwa jibu tosha. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa ambavyo kazi yake ni kukwambia juu ni wapi na chini ni wapi, na vikibanduka vikaingia kwenye mifereji ya mizani, yaani ya kuweka mwili sawa usiyumbe, kila ukiinamisha kichwa vinasukuma maji ya mle ndani na ubongo unadhani unazungushwa. Kipimo chake ni kitanda tu. Unamkalisha, unamgeuza kichwa digrii 45, unamlaza kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo, halafu unatazama macho, utayaona yanacheza. Madaktari Dix na Hallpike walikieleza London mwaka 1952. Na namna ya kuvirudisha vile vijiwe, kwa kumgeuza mgonjwa hatua kwa hatua, ni ya daktari wa Marekani anaitwa John Epley, aliichapisha 1992. Haimalizi robo saa. Bi mkubwa nilimgeuza mara mbili siku ile, akarudi wiki ya pili akanambia "mwanangu, nimesujudu." Miezi minane! Naumia nikifikiria wangapi wako majumbani hivi sasa.

Wengine ni rahisi zaidi, yule anayeona kiza akisimama mpime presha amelala, halafu mpime tena amesimama ndani ya dakika 3, ikishuka 20 kwa ile namba ya juu ushapata pa kuanzia, na mara nyingi ni dawa anazokunywa au maji hayamtoshi mwilini. Kikikaa masaa pamoja na sikio kuvuma na kuziba, hiyo ni njia nyingine, aende kwa daktari wa masikio. Na kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu hata siku ambayo kichwa hakiumi, hili wengi hawalijui.

Changu kilikuwa namna mbili, moja juu ya nyingine. Zile siku mbili za kutapika ulikuwa mshipa wa fahamu wa mizani umevimba, ukapona. Kilichobaki ni kile kuyumbayumba kila siku, nikiwa nimesimama ni zaidi, pale gatini nikitazama mashua zinavyopanda na kushuka ndo kabisa, hata kupeleka picha za simu juu kwa kidole. Nikilala kinatulia. Hiki kina jina, PPPD, kifupi cha Kiingereza cha kizunguzungu cha kuyumba kisichoisha, na Jumuiya ya Bárány, ya wataalamu wa mizani duniani, ilikiwekea vigezo mwaka 2017, kimojawapo kiwe kimedumu miezi 3 au zaidi. Ni kama nahodha aliyepigwa na dhoruba, bahari ishatulia siku nyingi lakini yeye bado kakaza mikono kwenye usukani na tanga hataki kulifungua. Picha ya kichwa haiwezi kuonyesha hilo, kwa hivyo picha safi si ushahidi kuwa huumwi.

Dawa yake ni mazoezi ya macho na kichwa na kutembea, kidogo kidogo kila siku, na wengine huongezewa vidonge na daktari. Kulala ndani kunazidisha. Na vile vidonge vya kutuliza kisunzi ni vya siku chache za mwanzo, ukivinywa miezi vinauchelewesha ubongo kujifunza upya.

Ila kikija ghafla na ulimi mzito, kuona viwili viwili, mkono kulegea, kushindwa kabisa kusimama, au sikio likafa mara moja, usitafute mtu wa fizio, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na boti ni ya kukodi.

Ukija kwangu njoo na dawa zako zote kwenye mfuko. Na kama kinakushika ukiwa nyumbani, mwambie mtu akurekodi macho kwa simu, karibu, taa ikiwa inawaka, macho wazi, mpaka kiishe. Video ya nusu dakika namna hiyo inanisaidia kuliko cheti cha vipimo cha kurasa sita.